Mabakuli Mawili

Walikuja kutoka Mwingi ndani ya katoni ya sabuni,
kanga saba, matundu ya hewa yametobolewa kwa bisibisi,
na shemeji yangu Mutinda akanipigia simu:
"Hao hawana neno. Wape maji tu."
Hawana neno!
Siku ya kwanza walisema lote walilo nalo,
neno moja, mara elfu,
kama geti lisilotiwa grisi,
toka alfajiri hadi taarifa ya habari.

Ploti yetu ya Ruai ina vyumba kumi na viwili na bomba moja.
Ufunguo wa bomba ninao mimi.
Kwa hiyo ugomvi naujua
kabla haujafungua mdomo,
naujua kwa namna ndoo inavyotuliwa chini.
Nikasema, ndege ni ndege, watazoeana.

Jogoo wangu ndiye aliyekuwa mwenye uwanja,
mwekundu, kilemba kizito, hatua za chifu siku ya baraza.
Akapiga bawa, akazunguka,
akatoa salamu zote za vita kwa utaratibu wake.
Kanga hawajui utaratibu.
Walimjia kwa nyuma, wanne kwa mpigo,
migongo juu, shingo mbele kama wezi wa mabati,
wakamkimbiza mpaka chini ya tangi.
Manyoya matatu ya mkia yalibaki topeni.
Mitetea wakatazama kidogo, wakaendelea kula.

Nafula wa chumba namba tano alicheka hadi akaketi:
"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Wewe umewafungua wageni, ukamfunga mwenyeji!"

Nikaanza upya.
Kanga ndani, wiki sita, wavu wa waya katikati,
waangaliane bila kugusana
kama jamaa wa pande mbili siku ya kutaja mahari.
Nikaweka mabakuli mawili,
moja mlangoni, jingine kule nyuma ya choo,
ili anayefukuzwa huku
afike kule angali na njaa.
Nikapigilia boriti juu kabisa,
maana kanga halali chini hata umpe godoro,
na kuku nikawaachia ngazi yao.
Madume wawili, wale wa fujo,
nikampelekea Wangeci wa Kamulu.
Sikuuliza amewafanya nini.
Kulikuwa na harufu ya vitunguu.

Odipo wa mlango wa mwisho hulinda godauni usiku, hulala mchana.
Alikuja kwangu mara nne na macho mekundu.
Nikampa pamba ya masikio. Akanirudishia.
Kisha Jumanne moja akatoka nje kwa vishindo, shuka kiunoni:
"Kuna nini? Mbona kimya?"
Kimya ndicho kilichomwamsha.

Tukahesabu. Watano wakawa wanne.
Nafula akatikisa kichwa:
"Kanga hazai ugenini. Amerudi kwao kwa miguu."

Odipo ndiye aliyemwona, nyuma ya mabati ya zamani,
akijitikisa vumbi, anaondoka zake.
Alikuwa amezaa ugenini, tena kumi na tisa,
mayai madogo, magumu, rangi ya chai ya mwisho wa mwezi,
na juu yake amekaa yule kishingo wangu,
kuku asiye na manyoya kooni wala haya usoni,
ananitazama kama niliyeingia bila kubisha.

Sikumgusa.
Siku ya ishirini na moja aliinuka, akasikiliza, akakaa tena.
Nani alimwambia bado wiki?

Sasa anatembea na kumi na moja wenye mistari.
Akiwaita kwa kikuku wanachelewa kidogo,
halafu wanakuja.

Sisemi wanapendana.
Jogoo bado hutazama nyuma kabla ya kudonoa,
na jana tu kanga mmoja amepanda paa la Nafula
akasema lile neno lake mpaka magharibi.
Ila mabakuli yote mawili yanaliwa,
na usiku boriti imejaa, ngazi imejaa.

Leo asubuhi, ndoo zikitua kwa ule mlio ninaoujua,
nimekwenda kwa fundi Kiprop
kuuliza bei ya bomba la pili.